Nani Aamue Kama Upasuaji ni wa Lazima?

Nilipoanza kazi ya uuguzi thieta, katika hospitali ya mkoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuna aliyemuuliza daktari kwa nini anapasua. Daktari akiandika kwenye faili kwamba mgonjwa ataingia thieta Jumanne, basi Jumanne tunamwandaa. Madaktari wale hawakuwa wakipasua ovyo, kwa sababu uhaba wenyewe ulikuwa chujio. Meza ya kupasulia iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja, nyuzi za kushonea tulizihesabu, na dawa ya usingizi ilitulazimisha kupanga nani atangulie. Mwenye henia iliyonasa alipita mbele. Mama ambaye uchungu umekwama alipita mbele. Mwenye uvimbe unaomsumbua bila kumuua aliambiwa arudi baada ya mwezi. Wapo waliorudi mara kadhaa, na wapo ambao hatukuwaona tena.

Hali ile ilikuwa na historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalitolewa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku. Zikaruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Ninachokikumbuka zaidi cha wakati ule ni karatasi ya mahitaji: mgonjwa anakabidhiwa orodha, ndugu zake wanatoka kwenda kununua glavu, nyuzi, pamba na dripu kabla hajaingizwa thieta. Watu walichangishana, wakauza mbuzi, wakakopa. Familia iliyouza mbuzi ili mama apasuliwe ilikuwa imeshajadili usiku kucha kama kweli kuna haja. Daktari alitoa ushauri wake, lakini uamuzi wa mwisho ulitegemea kilichokuwamo nyumbani.

Kisha ikaja bima. Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Julai 2001 mfuko ukaanza kazi kwa watumishi wa serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaongeza asilimia 3, na kadi ikamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4. Kampuni binafsi za bima nazo zikaingia kupitia waajiri wa mijini: mabenki, viwanda, mashirika. Nasema bila kusita kwamba bima iliokoa watu. Katika miaka ile ya mwanzo tuliwapokea walimu waliokaa na uvimbe kwenye kizazi kwa miaka, wazee waliokuwa hawaoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, na wanaume waliofunga henia kwa kitambaa wakaendelea kulima. Hao walihitaji upasuaji tangu zamani, wakakosa pesa tu.

Lakini hospitali ililipwa kwa kila huduma iliyotoa. Kumwona daktari kulikuwa na bei yake, kipimo bei yake, siku ya kulazwa bei yake, na upasuaji ndio uliolipwa zaidi. Mgonjwa hakutoa hela, kwa hiyo hakuuliza bei. Daktari hakuwa na sababu ya kuihurumia mifuko ya ndugu. Hakuhitajika mtu mwenye nia mbaya ili idadi ya wanaopasuliwa ipande. Ilitosha kwamba anayeamua, anayefanyiwa na anayelipa walikuwa watu watatu tofauti, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshafikiri.

Bima zilipoona madai yanapanda, zikaleta kibali. Kabla ya kumpasua mgonjwa asiye wa dharura, hospitali ilitakiwa kutuma maombi: fomu, barua ya daktari, majibu ya vipimo. Upande wa pili mtu akae asome, akubali au akatae. Mimi nikawa mmoja wa watu hao. Nilitoka thieta nikaenda ofisi ya bima jijini Dar es Salaam, na baada ya miaka nikahamia nyingine. Nimesoma mafaili ya upasuaji wa kila namna: mafindofindo, kidole tumbo, henia, bawasiri, tezi dume, kutoa kizazi, goti, mtoto wa jicho. Kutoka kwenye kiti hicho nilijifunza kwamba swali la kama upasuaji ni wa lazima lina majibu mengi kuliko nilivyodhani nikiwa nimesimama kando ya meza.

Mafindofindo yalikuwa somo langu la kwanza. Maombi yalikuja mengi, hasa likizo za shule zinapokaribia, na mara nyingine watoto wawili au watatu wa nyumba moja kwa pamoja. Barua zilifanana: mtoto anaumwa koo mara kwa mara, mafindofindo ni makubwa, tunaomba kibali cha kuyatoa. Mara kwa mara maana yake nini? Mara mbili kwa mwaka, au kila mwezi? Daktari hakuandika, na kadi ya kliniki haikuonyesha.

Jambo hilo lina historia ndefu nje ya kwetu. Mwaka 1934 huko New York ulifanyika uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule wenye umri wa miaka 11. Asilimia 61 walikwisha kutolewa mafindofindo. Waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, na asilimia 45 yao wakaambiwa wanahitaji kutolewa. Walioambiwa hawana haja wakapelekwa kwa madaktari wengine, na hao wakashauri upasuaji kwa asilimia 46. Waliobaki tena wakapelekwa mara ya tatu, wakashauriwa asilimia 44. Mwishoni walibaki watoto 65 tu ambao hakuna daktari aliyesema wapasuliwe. Kila kundi la madaktari liliona karibu nusu ya watoto waliowekwa mbele yake ni wagonjwa, hata wale ambao wenzao walikuwa wameshawaona ni wazima. Mwaka 1973, John Wennberg na Alan Gittelsohn wakaonyesha jambo linalofanana na hilo katika jimbo la Vermont: watu wa miji ya karibu, wasiotofautiana sana kwa afya, walipasuliwa kwa viwango vilivyotofautiana sana. Iliyobadilika kutoka mji hadi mji ilikuwa mazoea ya madaktari.

Ilichukua muda kupata kipimo ambacho watu wangeweza kukubaliana nacho. Mwaka 1984 Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh walichapisha utafiti uliotumia vigezo vinavyohesabika: maambukizi ya koo 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3, na kila tukio liwe limeandikwa. Vigezo hivyo vimetumika hadi leo katika nchi nyingi. Nilipoanza kuvitumia, baadhi ya madaktari walikasirika. Mmoja, bingwa niliyemheshimu, alinipigia simu.

"Sista, wewe umemwona huyu mtoto?"

"Sijamwona, Dokta. Ndiyo maana nakuomba uniandikie ulichokiona wewe."

Akanyamaza, kisha akasema ataangalia faili. Siku chache baadaye barua mpya ilikuja, ikiwa na tarehe za kila tukio, joto la mwili, dawa alizopewa mtoto, na kwamba usiku anakoroma hadi pumzi inakatika. Kibali kikatoka siku hiyo hiyo. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sehemu kubwa ya maombi yaliyokwama yalikuwa ya namna hiyo: haja ilikuwepo, lakini haikuandikwa.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni tofauti kati ya bima na bima. Nitaeleza kisa cha mwalimu mmoja, mama wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa na kadi mbili, moja ya kazini kwake na nyingine ya kazini kwa mumewe. Alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi kwa muda mrefu. Altrasaundi ilionyesha uvimbe mkubwa ndani ya kizazi. Damu yake ilikuwa gramu 7 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Alikuwa ameshapewa vidonge vya kupunguza kutokwa damu na vya madini ya chuma, bila nafuu ya maana. Daktari akaomba kutoa kizazi.

Bima moja ilitoa kibali bila swali hata moja. Ya pili ilikataa, ikisema upasuaji huo haumo katika mafao ya mwaka wa kwanza wa uanachama. Hakuna aliyesoma kile kipimo cha damu. Ya kwanza ilikubali kwa sababu kutoa kizazi kulikuwa kwenye orodha yake, na ya pili ilikataa kwa sababu hakukuwa kwenye yake. Mwalimu alipasuliwa kwa kadi iliyokubali, akapona. Nimewaza mara nyingi juu ya mama mwingine mwenye damu kama ile, ambaye ana kadi moja tu, nayo ni ile iliyokataa. Nimemwaza pia yule mwenye uvimbe mdogo usiomdhuru, ambaye kadi yake inakubali kila kitu, akatolewa kizazi wakati angeweza kukaa nacho hadi hedhi ikome na uvimbe usinyae wenyewe. Wote wawili wamedhulumiwa, mmoja kwa kunyimwa, mwingine kwa kupewa.

Kunyimwa nako kunaua. Nilishuhudia kijana fundi ujenzi aliyeombewa kibali cha kufanyiwa henia. Jibu kutoka kwa bima yake lilikuwa fupi: si dharura, asubiri. Ni kweli haikuwa dharura siku ile. Lakini alikuwa anabeba saruji kila siku, na uvimbe ulikuwa umeanza kugoma kurudi ndani akilala. Dalili hiyo, kwa yeyote aliyekaa thieta, inamaanisha muda unakwisha. Aliletwa usiku akitapika, tumbo limejaa, kipande cha utumbo kimebanwa na kuoza. Badala ya upasuaji mdogo wa kurudi nyumbani kesho yake, alikatwa utumbo akalazwa kwa wiki kadhaa. Alipona, na bima ikalipa fedha nyingi kuliko zile ilizokataa. Aliyeandika "si dharura" hakuwa amesema uongo. Alijibu swali lisilo sahihi. Alichopaswa kujiuliza ni kama kusubiri kutamdhuru mgonjwa huyu, mwenye kazi hii na dalili hizi.

Mimi ni mkunga kwa mafunzo, na katika uzazi ndiko nilikoguswa zaidi. Upasuaji wa kujifungua ndio upasuaji mkubwa unaofanyika sana katika hospitali zetu. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna sababu ya eneo lolote kuzidi asilimia 10 hadi 15 ya wanaojifungua. Mwaka 2015 likaeleza kwamba kiwango cha taifa kikivuka asilimia 10, vifo vya mama na watoto wachanga haviendelei kupungua kwa sababu ya upasuaji huo. Tanzania kwa ujumla ilikuwa kwenye asilimia 6 katika utafiti wa 2015/16, ikafika asilimia 11 katika ule wa 2022. Ukiitazama namba hiyo peke yake utadhani tuko sawa. Ndani yake mna wilaya ambazo mama anakufa kwa kukosa wa kumpasua, na mna hospitali za mjini ambazo kuzaa kwa njia ya kawaida kunakaribia kuwa jambo la pekee. Hata Muhimbili, hospitali inayopokea kesi ngumu za rufaa, watafiti walikuta kiwango kimepanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi asilimia 49 mwaka 2011, na ongezeko lilikuwepo hata kwa akina mama wasio na hatari kubwa.

Kibali hakiwezi kutangulia upasuaji wa namna hii uchungu ukishaanza, na wala hakipaswi. Faili linasomwa baadaye, na kitu cha kwanza nilichokitafuta ni partogramu. Karatasi hiyo yenye mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilibuniwa na Philpott na Castle huko Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, ikachapishwa mwaka 1972, ili wakunga wajue mapema ni mama gani apelekwe hospitali kubwa. Ikijazwa vizuri inasema kila kitu: njia ilifunguka kwa kasi gani, kichwa cha mtoto kilishuka lini, mapigo ya moyo yake yalikuwaje kila nusu saa. Nilikuta mafaili yaliyoandikwa sababu moja tu, kwamba mtoto amechoka, na kwenye partogramu hakuna nukta hata moja ya mapigo ya moyo wa huyo mtoto. Nilikuta pia partogramu zilizojazwa na mkunga wa zamu ya usiku kwa mwandiko uliotulia, nukta kwa nukta, hadi pale mstari ulipovukwa na daktari akaitwa. Faili la namna hiyo halihitaji barua ya kulitetea. Limeshajieleza.

Wapo wanaosema mama akitaka kupasuliwa na bima inalipa, sisi wengine yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Kovu la kwanza linabaki kwenye kizazi. Katika mimba inayofuata, kondo la nyuma linaweza kujishika kwenye kovu hilo likagoma kutoka, au kizazi kikapasuka uchungu ukianza mama akiwa mbali na hospitali. Binti anayepasuliwa Dar es Salaam bila haja anaweza kujifungua mtoto wa pili kijijini kwa wakwe, mahali ambapo damu ya kuongezewa haipo. Daktari anayeamua leo hatakuwapo siku ile.

Yamekuwapo mabadiliko makubwa tangu nianze. Madai yaliyokuja kwa maboksi ya karatasi sasa yanakuja kwa mtandao. Wizara ya Afya ina mwongozo wa matibabu unaosema ugonjwa gani utibiwe vipi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, inayoweka kitita cha msingi cha mafao. Machi 2024, kitita kipya cha Mfuko wa Taifa kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa kutokubaliana na bei, na wagonjwa wakahangaika. Mjadala wote wa siku zile ulikuwa wa bei. Bei ni muhimu, maana hospitali isiyolipwa haki yake itafunga milango. Lakini kupanga kwamba kutoa kizazi kulipwe shilingi ngapi hakumwambii mtu ni kizazi cha nani kitolewe.

Njia ya kulijibu hilo inajulikana. Miaka ya 1980 watafiti wa RAND na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utaratibu ambao wataalamu, kwa kawaida 9, wanapewa ushahidi uliopo na orodha ya hali za wagonjwa, kila mmoja anaipa kila hali alama kuanzia 1 hadi 9, wanakutana, wanajadiliana, kisha wanapiga alama tena. Wanayokubaliana yanakuwa kigezo. Wanayogawanyika yanaachiwa daktari na mgonjwa wake. Ushahidi ukibadilika, kigezo kinabadilika, kama ilivyotokea mwaka 2002 pale utafiti wa Houston, uliohusisha wagonjwa 180, ulipoonyesha kwamba kusafisha goti lililochakaa kwa upasuaji wa kamera hakukuzidi upasuaji wa kuigiza. Mabingwa wa kufanya kazi hiyo tunao, katika vyama vyao vya upasuaji, uzazi, mifupa, koo na macho. Kinachokosekana ni kuwakutanisha na kuzilazimisha bima zote kufuata walichokubaliana.

Ninachokiomba ni hiki. Wizara ya Afya na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima wahakikishe vigezo vya upasuaji wa kawaida vinakuwa vya nchi nzima, vimeandikwa kwa Kiswahili, na vinapatikana kwa kila anayevitaka. Bima ikikataa, iandike sababu ya kitabibu, siyo namba ya kifungu peke yake. Rufaa ya mgonjwa isomwe na bingwa wa fani husika, ndani ya siku chache zinazojulikana. Na hospitali zipimwe kwa kile kilichoandikwa kwenye faili, maana upasuaji usio na sababu iliyoandikwa hauwezi kutetewa na yeyote, hata kama ulikuwa wa haki.

Nawe msomaji, kabla hujatia sahihi fomu ya ridhaa, muulize daktari wako maswali haya bila woga: Ugonjwa wangu umethibitishwa na kipimo gani? Nisipopasuliwa sasa, nini kitatokea, na lini? Kuna tiba nyingine tuliyoijaribu au ambayo hatujaijaribu? Baada ya upasuaji, ni madhara gani yanaweza kunifuata? Ukiwa na nafasi, mwone daktari wa pili. Daktari mwema hatachukia, kwa kuwa majibu hayo anayo tayari. Na kama hana, basi huo upasuaji usubiri.